Naomba kueleweshwa kuhusu Kimura Takuya, yule Mjapani aliyeigiza kama mtengeneza nywele

MsusiWaKirumba ameandika:

Habari za jioni wanajukwaa. Mimi nina saluni ndogo hapa Kirumba, karibu na njia ya kuteremkia Mwaloni, na swali langu huenda likaonekana la mbali kwa mtu anayeishi kando ya ziwa, lakini limenikaa kichwani kwa wiki tatu sasa.

Mwalimu mmoja wa kujitolea kutoka Japani, aliyekuwa akifundisha hisabati katika sekondari ya jirani na ambaye nilikuwa nikimkata nywele kila mwezi, alimaliza muda wake akaondoka, akaniachia mfuko wa diski. Nyingi sijazigusa. Moja ni ya tamthilia ya mwaka 2000 iitwayo *Beautiful Life*, ambayo mhusika wake mkuu ni mtengeneza nywele wa Tokyo anayempenda mkutubi anayetumia kiti cha magurudumu. Nimeiangalia yote kwa maandishi ya Kiingereza, nikisimamisha picha kila sentensi ikiwa ndefu kuliko Kiingereza changu, na wateja wangu wawili waliokuja kusuka rasta wameiangalia pamoja nami, kwa kuwa kichwa cha rasta kinachukua saa sita na hakuna pa kwenda.

Nilichokitazama zaidi ni mikono ya yule mwigizaji. Mimi nimeshika mkasi miaka kumi na minne, na namjua mtu anayeigiza kukata. Huyu hushika kishungi cha nywele kati ya vidole viwili, kisha hukiachia na kusubiri kidogo aone kimelalaje kabla ya kushika kingine. Kule kusubiri ndiko hakufundishwi kwa siku moja. Na katika sehemu ya mwisho (ambaye hajaiona aniwie radhi) yule dada anapofariki, yeye ndiye anayempaka vipodozi usoni kwa mara ya mwisho. Mteja wangu mmoja alilia hadi nikalazimika kusimamisha kazi.

Sasa, mwalimu aliniambia kwamba bwana huyo, Kimura Takuya, kwa asili si mwigizaji bali ni kile wanachokiita *aidoru*, yaani alikuwa akiimba na kucheza katika kundi la vijana. Huku kwetu mwimbaji akiigiza filamu, mara nyingi watu humpokea kama mgeni aliyepita kusalimia tu. Kwa hiyo naomba anayefahamu anieleze mambo mawili: mtu wa namna hiyo alifikaje pale, na je, ni mwigizaji mzuri kweli au uso wake ndio uliombeba? Na lile kundi lake liko wapi siku hizi?

NyavuZaNagasaki amejibu:

Dada yangu, umenirudisha mbali. Nilikuwa Nagasaki mwanzoni mwa miaka ya 2000 nikisomea mambo ya uvuvi kabla ya kurudi kufanya kazi huku ziwani, na ninakumbuka kwamba katika majira ya baridi ya 2001, Jumatatu ikifika saa tatu usiku, bweni letu lilikuwa kimya kama kuna msiba. Sababu ilikuwa ni huyohuyo bwana wako wa mkasi, safari hiyo akiwa mwendesha mashtaka anayekwenda ofisini na jinzi katika tamthilia iitwayo *Hero*. Sehemu zake zote kumi na moja zilivuka asilimia 30 ya watazamaji, jambo ambalo Wajapani wenyewe walilizungumza kama watu wanaosimulia mafuriko.

Nianze na neno *aidoru*. Limetoka katika Kiingereza, lakini Wajapani wameligeuza likawa jina la kazi. Kijana huchukuliwa na kampuni akiwa bado mtoto, akalelewa humo, akafundishwa kucheza, kuimba, kuchekesha na kuzungumza na watu, na mashabiki huanza kumfuata kabla hajajua chochote. Ndiyo maana swali la "anaimba vizuri?" huwa halina uzito mkubwa kule. Shabiki hanunui sauti. Ananunua nafasi ya kumwona kijana huyo akikua, na akishakua, shabiki hujiona kuwa na sehemu yake katika ukuaji ule, kama shangazi aliyemlisha uji mtoto ambaye leo ni daktari.

Kimura alizaliwa Tokyo tarehe 13 Novemba 1972, na mwaka 1987 akaingia katika kampuni ya Johnny & Associates, iliyoanzishwa na Johnny Kitagawa mwaka 1962 na ambayo ilikuwa imejijengea karibu ufalme katika biashara ya makundi ya wavulana. Kazi ya kwanza ya wavulana wale ilikuwa kucheza nyuma ya kundi la kaka zao, Hikaru Genji, lililokuwa likiimba huku wamevaa viatu vya magurudumu. Kutoka miongoni mwa wacheza shoo hao, mwaka 1988 walichaguliwa sita wakaitwa SMAP.

Hapa ndipo ilipo habari ambayo watu wengi huiruka. SMAP walichelewa na walianza vibaya. Wimbo wao wa kwanza ulitoka Septemba 1991 na haukushika namba moja, ilhali kwa kundi la kampuni ile namba moja ilichukuliwa kama haki ya kuzaliwa. Tena walifika sokoni wakati vipindi vikubwa vya muziki vya kila wiki vilikuwa vikifungwa. Kile mashuhuri kuliko vyote, *The Best Ten*, kilikwisha mwaka 1989. Kwa maneno ya huku kwetu, walishusha mtumbwi majini wakati samaki wamehama. Basi wakaenda ambako samaki walikuwepo: vichekesho, vipindi vya mazungumzo na tamthilia. Wavulana waliotangulia wa kampuni ile walijiheshimu kama wana wa mfalme, lakini hawa walikubali kupigwa keki usoni na kuvaa nguo za kike ili watu wacheke. Mimi naamini kuchelewa kule ndiko kulikowatengeneza, kwa sababu mtu aliyepokewa kwa shangwe siku ya kwanza hana haja ya kujifunza kazi ya pili.

Aprili 1996 wakapewa kipindi chao cha Jumatatu usiku, *SMAP×SMAP*, kilichodumu hadi Desemba 2016. Ndani yake mlikuwa na mgahawa: mgeni anaagiza chakula, vijana wanagawanyika pande mbili wanapika, mgeni anaonja na kusema upande gani umeshinda. Walipika hivyo kwa miaka ishirini. Kwa hiyo Kimura alipokuja kuigiza mpishi mkuu mwaka 2019 katika *Grand Maison Tokyo*, kisu hakikuwa kigeni mkononi mwake, kama ambavyo wewe umeona mkasi.

Upande wa uigizaji, alianza kuonekana mwaka 1993 katika nafasi ya pembeni, lakini mlango ulifunguka hasa mwaka 1996 kwa *Long Vacation*, alipoigiza mpiga piano mwenye haya. Baada ya hapo akawa kama mtu anayebadilisha sare: mtengeneza nywele mwaka 2000, mwendesha mashtaka 2001, rubani 2003, mchezaji wa magongo ya barafuni 2004, dereva wa magari ya mashindano 2005, hadi waziri mkuu mwaka 2008. Sehemu ya mwisho ya hiyo *Beautiful Life* yako ilifikia asilimia 41.3. Jarida moja la wanawake, *an an*, lilikuwa likiwauliza wasomaji wake kila mwaka ni mwanamume gani wanampenda zaidi, naye akashika nafasi ya kwanza miaka kumi na mitano mfululizo, mpaka wakamtoa kwenye mashindano kwa heshima.

Jambo moja dogo ambalo mimi hulipima kuliko takwimu zote. Kijana wa kazi hiyo hatarajiwi kuoa akiwa kileleni, kwani mashabiki wengi humchukulia kama mchumba wao. Kimura alitangaza ndoa yake na mwimbaji Kudo Shizuka mwishoni mwa mwaka 2000, wakati kundi likiwa juu kabisa. Wengi walisema amejimaliza. *Hero* ilianza Januari iliyofuata.

Pwagu_Igoma amejibu:

Ahsante kwa maelezo, mkuu, ila hiyo asilimia 41.3 ni ya nini hasa? Ya watu wote wa Japani?

NyavuZaNagasaki amejibu:

Hapana. Ni asilimia ya kaya zilizowekewa vifaa vya kupimia utazamaji katika eneo la Kanto, yaani Tokyo na mikoa inayoizunguka. Ndiyo namba ambayo vituo vya televisheni hujivunia, kwa hiyo ichukue hivyo wala usiizidishe kwa watu wote wa nchi nzima.

MwanaBujora amejibu:

Nimesoma maelezo ya kaka yetu wa Nagasaki kwa furaha, lakini naomba kutofautiana naye kidogo anaposema, au angalau anapoelekea kusema, kwamba jambo hili ni la Kijapani peke yake. Mimi nimekulia Kisesa, jirani na Bujora, na nimecheza ngoma tangu nikiwa mdogo wa kubeba maji ya wachezaji. Mtoto wa kwetu huingia katika kikundi akiwa hajui lolote, huanza nyuma, husogea mbele mwaka hadi mwaka, na watu wa kijiji humjua kwa jina kabla hajaweza kucheza bugobogobo bila kudondosha jembe. Huyo tofauti yake na wale wavulana wa viatu vya magurudumu ni ipi?

Na mnajua jinsi tunavyoshindana. Bagika wanapiga upande huu na Bagalu, wapinzani wao wa jadi katika ngoma za Kisukuma, upande ule, kwa wakati mmoja, na hakuna jaji mwenye karatasi. Mtazamaji yuko huru kuhama, na ningi, yaani manju wa kikundi, atafanya lolote, atatunga matusi ya kuchekesha, atatoa chatu, ataweka dawa zake, ilimradi watu wavute miguu kuja upande wake. Jua likizama, wenye watu wengi ndio walioshinda. Namba ya asilimia za televisheni ni kitu hichohicho, isipokuwa mtazamaji anahama kwa kidole badala ya miguu.

Hata kwa miguu bwana huyu anavuta. Novemba 2022, akiwa na miaka 49, alipanda farasi katika mji wa Gifu akiwa amevaa kama Oda Nobunaga, mtawala wao wa kale, katika maandamano ya sikukuu ya mji huo. Nafasi za kutazama zilikuwa 15,000. Walioomba walizidi 960,000. Nilipoisoma habari hiyo nilimsomea mzee mmoja ambaye alikuwa ningi mkali enzi zake, akanyamaza kidogo, akauliza: "Dawa yake kaipata wapi?"

Ila dada msusi ameuliza kama ni mwigizaji mzuri, na hapo mimi nitasema kweli. Nimeziangalia tatu kati ya hizo zilizotajwa, na mtu niliyemwona ni mmoja. Rubani ni yeye, mwendesha mashtaka ni yeye: mikono mfukoni, kichwa kimeinama upande, anaongea kama hajali halafu inatokea anajali kuliko wote. Wajapani wenyewe wana msemo wa kumkejeli, kwamba aigize nani, Kimutaku ni Kimutaku tu, na Kimutaku ndilo jina wanalomkatia. Sioni kejeli hiyo kuwa ya uongo. Naona tu kwamba si kosa kama inavyodhaniwa, kwa maana watu walioacha upande wa pili wakaja kwako hawakuja kumwona mtu mwingine. Walikuja kukuona wewe.

BintiWaUkara amejibu:

Kaka wa Bujora, nakubaliana nawe nusu. Nusu ya pili siikubali, na naomba nieleze kwa nini, kwa sababu mimi nimezifuata filamu zake kuliko tamthilia zake.

Kilichomfanya Kimura kuwa Kimura ni macho. Tazama tena *Long Vacation* au hiyo *Beautiful Life*: mara nyingi haongei, kamera inamsogelea, anatazama chini, halafu anainua macho, na sehemu imekwisha. Sasa angalia kilichotokea mwaka 2006. Mwongozaji Yamada Yoji alimpa nafasi katika filamu ijulikanayo kwa Kiingereza kama *Love and Honor*, ya samurai wa cheo cha chini ambaye kazi yake ni kuonja chakula cha bwana wake. Siku moja anaonja samakigamba wenye sumu na kupofuka. Kwa sehemu kubwa ya filamu, mtu ambaye nchi nzima ilimpenda kwa kutazama hatazami. Anapapasa ukuta, anageuza sikio badala ya uso, anakuwa mkali kwa mkewe kwa sababu hajui amekaa upande gani. Mikono mfukoni haipo tena, kwa kuwa kipofu hawezi kuacha mikono yake mfukoni. Filamu hiyo ilimpatia uteuzi wa tuzo kubwa ya filamu ya nchi yao, lakini upande wake ukaukataa uteuzi huo, na watu wakabaki na maneno yao juu ya kampuni iliyokuwa ikiamua mambo hayo.

Halafu mwaka 2017 akaigiza katika *Blade of the Immortal* ya mwongozaji Miike Takashi, mpiga upanga asiyeweza kufa, mwenye jicho moja. Na Januari 2020 ikaja *Kyojo*, ambamo ni mkufunzi wa chuo cha polisi mwenye nywele za mvi na jicho moja la bandia, anayezungumza polepole na hatabasamu hata mara moja. Sijui kama yeye au waongozaji walipanga hivyo. Ninachojua ni kwamba kila aliponyang'anywa jicho, aliigiza vizuri zaidi. Kwa hiyo, kaka, yule mtu mmoja uliyemwona katika tamthilia tatu yupo, lakini kuna mwingine nyuma yake, na huyo hujitokeza tu pale silaha ya kwanza inapowekwa pembeni.

Kuhusu kundi. SMAP walibaki watano baada ya Mori Katsuyuki kuondoka mwaka 1996 kwenda kuwa mwendesha pikipiki za mashindano. Waliobaki ni Nakai Masahiro, Kimura, Inagaki Goro, Kusanagi Tsuyoshi na Katori Shingo. Januari 2016 habari zilivuja kwamba kuna mgawanyiko kati ya wanaotaka kutoka katika kampuni na anayetaka kubaki, na anayetaka kubaki alikuwa Kimura. Tarehe 18 mwezi huo wakasimama katika kipindi chao wenyewe, moja kwa moja hewani, suti nyeusi, wakiomba radhi. Nimeitazama video hiyo mara nyingi. Wanaume watano wa umri wa kati ya miaka 38 na 43 wamesimama mstari mmoja kama wanafunzi waliochelewa paredi, Kimura katikati, na hakuna anayesema wazi wanamwomba radhi nani. Agosti wakatangaza kwamba wataachana, na tarehe 31 Desemba 2016 kundi likavunjika bila onyesho la kuaga.

Watatu kati yao, Inagaki, Kusanagi na Katori, waliondoka kampuni Septemba 2017. Kusanagi akaja kushinda tuzo ya mwigizaji bora wa kiume mwaka 2021, tuzo ileile ambayo upande wa Kimura uliukataa uteuzi wake. Sisemi zaidi.

Na si haki kuisifu malezi ya kampuni ile, kama kaka wa Nagasaki alivyofanya kwa nia njema, bila kusema lililokuwa ndani. Tuhuma kwamba Johnny Kitagawa aliwanyanyasa kingono wavulana waliokuwa chini yake zilichapishwa na jarida la *Shukan Bunshun* tangu 1999, na Mahakama Kuu ya Tokyo mwaka 2003 iliona kwamba sehemu kubwa ya habari hizo ilikuwa na ukweli. Televisheni zikanyamaza, kwa kuwa nani angethubutu kumkasirisha mwenye wavulana wote? Alifariki Julai 2019 bila kushtakiwa. Ilibidi BBC itoe filamu ya uchunguzi Machi 2023 ndipo mambo yakafumuka, na Septemba mwaka huo kampuni ikakiri. Oktoba ikabadili jina na kubaki na kazi ya kuwalipa fidia waathirika, huku wasanii wakihamishiwa kampuni mpya. Ninyi mnaosema mtoto huingia kikundini akiwa hajui lolote, mtoto huyo kule hakuwa na kijiji kilichokaa kumtazama jioni.

NyavuZaNagasaki amejibu:

Nimekubali kukosolewa, dada. Nilipokuwa kule mambo hayo yalisemwa kwa kunong'ona, na mimi, kama wengine wote bwenini, Jumatatu nilikaa mbele ya televisheni.

Kwa MsusiWaKirumba, jambo moja ambalo huenda likakufaa: kule mtu hawezi kufungua saluni akakata watu nywele kwa kipaji tu. Husoma chuo miaka miwili, kisha hufanya mtihani wa taifa na kupewa leseni. Tamthilia yako ilitoka wakati magazeti yao yamejaa habari za watengeneza nywele mashuhuri, na ilikuta moto ukiwaka.

MsusiWaKirumba amejibu:

Nawashukuru nyote. Dada wa Ukara, jana usiku nimepekua ule mfuko na nimeikuta hiyo ya samurai kipofu, chini kabisa, ndani ya bahasha yenye maandishi ya mkono wa mwalimu. Nimeangalia dakika arobaini kabla umeme haujakatika.

Kuna pahali mkewe anamletea chakula, naye anakipapasa kwanza kwa ncha za vidole. Nimemwona akisubiri. Ni kule kusubiri kwa kishungi cha nywele, vidole vilevile.

Mwenye kujua ninapoweza kupata hiyo *Kyojo* yenye maandishi ya Kiingereza, tafadhali anielekeze. Kesho nina kichwa cha rasta.